Kukaa miezi bila dawa: nywele zangu na maji ya Mombasa

Siku hizi naweza kukaa hata nusu mwaka bila kutia dawa ya kunyoosha nywele, na nywele zangu zikabaki kichwani. Nalisema hili kwa sababu wanawake wengi ninaowajua hapa Mombasa wangependa kuachanisha dawa moja na nyingine. Kuna waliochoshwa na gharama, kuna wenye mimba, kuna wanaoogopa kemikali, na kuna ambao ngozi ya kichwa imewachosha kwa kuwaka. Wanaanza vizuri. Mwezi wa tatu ukiingia, chanuo linatoka na nywele tele, hofu inawaingia, wanarudi saluni mbio, na wanakata shauri kwamba nywele zao hazivumilii kukaa bila dawa. Siamini hivyo. Nywele hizo zinakatika kwa sababu kichwa kinahudumiwa kana kwamba kina nywele za aina moja, na sivyo kilivyo. Chini kumeota kipilipili, juu kuna singa ya dawa, na katikati kuna kiungo ambapo hizo mbili zinakutana. Kiungo hicho ndicho cha kulindwa. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Mimi nilijifunza kwa kulazimika. Mei 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona, hatoki mtu haingii mtu, msusi wangu alikuwa Kisauni nami nilikuwa Kibokoni. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kutia dawa kila baada ya wiki sita, kama tulivyozoezwa sote tangu usichana. Siku ya saluni ikapita, ikapita na nyingine, nywele za chini zikaanza kusimama. Shangazi yangu, ambaye amesuka vichwa vya watoto wa mtaa mzima, akaniita baada ya Alasiri.

"Hebu njoo nikuone hicho kichwa, mwanangu."

Akazitenga nywele kwa vidole, akaushika unywele mmoja baina ya kidole gumba na cha shahada, akaupitisha polepole kutoka chini kwenda nchani. Kisha akanishika mkono nifanye vivyo hivyo. "Wauhisi? Hapa wakwaruza, hapa wateleza. Hizi za chini zataka maji, za juu zataka mafuta, na hapa kati pataka upole."

"Sasa nifanyeje, shangazi?"

"Niletee uzi na chanuo, kisha ukae chini."

Mengi niliyoyasoma baadaye yalikuja kunieleza sababu za yale aliyoyajua yeye kwa vidole.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Nywele za binadamu hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na kipilipili chetu mara nyingi hukua pungufu ya hapo. Wiki sita baada ya dawa, basi, una sentimita moja na kidogo ya nywele mpya, nazo zimejikunja. Hakuna msusi, hata awe na mkono mwepesi vipi, anayeweza kupaka dawa kwenye kipande hicho bila kugusa nywele za juu ambazo zilishatiwa. Zikiguswa zinaungua mara ya pili, safari inayofuata mara ya tatu. Ndiyo maana wapo watu wanaotia dawa miaka nenda miaka rudi na nywele hazifiki mabegani: zinakua chini, zinakatika juu. Ukisubiri wiki kumi na mbili, kumi na sita au zaidi, msusi anauona kwa macho mpaka wa nywele mpya na za zamani, na mkono wake unajua wapi pa kuishia.

Dawa yenyewe ni kali. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, iko kati ya 12 na 14, wakati unywele wenyewe una asidi kidogo, kati ya 4 na 5 na nusu hivi. Inaingia ndani na kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele mkunjo wake na sehemu kubwa ya nguvu zake. Vifungo hivyo vikishavunjwa hivyo havirudi. Kwa hiyo unywele wa juu umenyooka lakini umepungukiwa, na wa chini una nguvu zake zote. Ukivuta chanuo, wa chini unashikilia, wa juu unafuata, na mvuto wote unaishia pale kati. Ukitaka kujua hali yako, usihesabu tu nywele zilizobaki kwenye chanuo, ziangalie. Ule wenye kidoa cheupe mwishoni umedondoka pamoja na mzizi wake, na hilo ni jambo la kila siku kwa kila mtu. Kipande kifupi kisicho na kidoa kimekatika. Vikizidi vipande vifupi, kiungo kinaumia.

Sasa maji. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa na watu ambao mfereji wao una maji matamu usiku na mchana. Sisi kisiwani tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya kisima yanapita kwenye chokaa hiyo, yanatoka mazito, na sehemu nyingi yana chumvi. Maji ya bomba kutoka Mzima na Baricho yapo, lakini hayaji kila siku, na yasipokuja mtu hununua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni bila kujua yametekwa wapi. Ukiona shampuu haitoi povu mpaka umimine na kumimina, hayo ni ya kisima.

Maji ya namna hiyo huacha kalsiamu juu ya nywele. Na zile dawa za kuchanganya, zinazokuja na kopo la krimu na kichupa cha maji yake, nazo zimetengenezwa kwa kalsiamu haidroksaidi, kwa hiyo huacha mabaki yaleyale. Mtu anayetumia dawa ya kuchanganya na kuoshea kwa maji ya kisima anajaziwa madini mara mbili. Nywele zinakuwa kavu na ngumu, mafuta yanakaa juu juu bila kuingia, na mwenyewe anadhani ni kwa sababu amekawia kutia dawa. Naamini hapa Mombasa jambo hili linavunja nywele nyingi kuliko huo muda wa kusubiri.

Nyumbani kwetu nimekubali kwamba siwezi kuoshea maji matamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ninachokilinda ni maji ya mwisho. Shampuu naisuuza kwa maji yoyote yaliyopo, lakini suuzo la mwisho ni la maji matamu niliyoyaweka kando. Masika yakiingia nakinga maji ya mvua, baada ya mvua za kwanza kuosha paa, kwa kuwa ya mvua hayana madini ya mwamba. Katika lita moja ya maji hayo natia vijiko viwili vya siki, namimina kichwani taratibu, kisha nasuuza kidogo. Siki inalainisha mabaki ya chokaa na kuurudisha unywele karibu na asidi yake. Mara moja kwa mwezi natumia shampuu ya kuondoa madini. Ukisoma nyuma ya chupa utaona EDTA, kiambato kinachoshika madini, imetajwa mapema katika orodha. Si ya kutumia kila wiki, kwa sababu inakausha.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha napaka mafuta ya nazi. Haya bibi zetu wameyapaka siku zote, na kuna wanasayansi wa India waliochapisha utafiti mwaka 2003 wakilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini, kwa sababu yanaweza kuingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Yangu nayanunua Kongowea kwa mama mmoja anayeyapika mwenyewe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mwaka mzima hapa ni maji, ila Julai, kusi ikivuma, alfajiri nayakuta yamefanya ukungu mweupe ndani ya chupa. Hilo hunifurahisha, maana najua ni ya nazi kweli. Yale yanayobaki maji hata kwenye friji siyanunui tena. Napaka zaidi nywele za juu, hasa ncha. Chini naweka kidogo sana, maana kwa joto letu mafuta mengi kwenye ngozi yakichanganyika na jasho huleta mba na muwasho.

Kuchana ndiko kunakoamua kila kitu. Nagawa kichwa mafungu manne. Nywele zikiwa zimelowa na kondishina inatiririka, natangulia na vidole, nalegeza mafundo moja moja. Kisha mkono mmoja unalibana fungu pale pale kwenye kiungo, na mwingine unaanza na chanuo la meno mapana kutoka nchani, unapanda kidogo kidogo. Ukibana hapo, mvuto wa chanuo unaishia mkononi mwako na kiungo hakiusikii. Nikifika kwenye zile za chini, chanuo naliweka kando. Kipilipili nakitenganisha kwa vidole na maji tu. Hakihitaji kunyooka. Watu wengi wanang'ang'ana kuipeleka singa mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na wanazivunja njiani.

Kuhusu protini sina mengi. Nywele zilizotiwa dawa zinaihitaji, lakini yai la jikoni halisaidii sana kwa kazi hiyo kwa sababu protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Protini ya tritimenti za dukani imevunjwa vipande vidogo. Chukua unywele mmoja uliolowa uuvute kidogo. Ukirefuka bila kurudi, unataka protini. Ukikatika papo hapo, unataka maji na kondishina, na protini zaidi itaufanya mgumu zaidi.

Pasi ya nywele niliiacha kabisa kwa nywele za chini, na hili nalisema kwa nguvu hasa kwa watu wa pwani. Kunyooka kwa pasi ni kwa muda tu. Unyevu ukiingia, unywele unarudi ulivyokuwa. Na hewa ya Mombasa ni unyevu mtupu. Utapiga pasi ya nyuzi 200 asubuhi, ukifika Buxton nywele za chini zimeshajikunja, jioni utapiga tena. Moto umeula bure, tena umepita juu ya kiungo kila mara.

Badala yake nimerudi kwenye uzi. Usiku, nywele zikiwa na unyevunyevu kidogo, nachukua fungu dogo, nazungusha uzi mweusi kuanzia chini, karibu karibu pale penye kipilipili, nikipita kiungo nauachia nafasi, nafunga nchani. Haukazwi mpaka ngozi ikavutika. Asubuhi nikifumua, za chini zimenyooka kiasi cha kulingana na za juu, bila moto hata kidogo, na kiungo kimelala ndani ya uzi usiku kucha kimetulia. Shangazi huanza kisogoni kwa sababu, asemavyo, hapo ndipo mtu asipopaona na ndipo panapokatika kwanza. Nami nimeona ni kweli: kola ya nguo na mto wa kulalia vinapasugua kila siku.

Matuta pia ni mazuri, twende kilioni hasa, yakiwa makubwa na yaliyolegea. Lakini hapa niseme wazi. Kule Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichunguza wanawake na wasichana wengi wa Afrika Kusini, wakaona kwamba hatari ya panja kunyonyoka inapanda zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinapovutwa kwa kusukwa. Kwa hiyo mwenye dawa akisukwa matuta yanayomuuma, asilale nayo akisubiri yalegee. Msusi akikuambia maumivu ni kawaida, mwombe afumue pale pale, kwa adabu, nawe usione haya. Panja zikishapata kovu hazioti nywele tena. Mimi rasta ndefu nzito sizitii kabisa katika miezi ya mwisho ya kusubiri, kwa sababu uzito wote unaning'inia kwenye kiungo.

Sisi tunaojifunga ushungi tuna faida moja kubwa: nywele hazipigwi jua wala vumbi, na hakuna anayekuuliza mbona leo umezifunga. Ila kitambaa cha pamba kikikaa moja kwa moja juu ya nywele kinanyonya mafuta yake na kuzisugua, na jasho likikauka linaacha chumvi. Mimi huvaa kofia ya satini ndani, mtandio juu. Na nywele zilizolowa hazifunikwi. Ukitoka kuoga ukaharakisha kujifunga kwa sababu umechelewa kazini, unafungia unyevu na joto pamoja, na fangasi hupenda hapo. Siku ya kuosha nimeihamishia siku ambayo sitoki. Zikishakauka kabisa nazifukiza udi kwenye chetezo, nikiinama kwa mbali ili moshi ufike na moto usifike. Hilo si tiba ya chochote, lakini miezi hiyo mtu anahitaji kupenda kichwa chake.

Maana kuna shinikizo. Harusi zikianza, kila mtu anataka kwenda kwenye kupamba na nywele zinazoteleza, na jamaa wana macho. Nimewahi kuambiwa na mtu mzima wa familia kwamba nimejiachia. Niliitikia kwa heshima na nikaenda hivyo hivyo: mbele nimezilaza kwa maji na jeli ya uwatu, nikazifunga kitambaa cha satini nusu saa zikatulia, nyuma fundo, na asumini zimezunguka fundo lote. Jeli hiyo ni mbegu za uwatu zilizolowekwa usiku, zikachemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Inashika vizuri na haiachi unga mweupe. Hina nayo naipenda, lakini ile safi ya majani tu. Piko na hina nyeusi za pakiti huwa na PPD, rangi inayoweza kuunguza ngozi vibaya, na nyingine huwa na chumvi za madini zinazogombana na dawa. Kwa mwenye nywele za dawa sizishauri hata kidogo.

Mdogo wangu yeye aliacha dawa moja kwa moja. Alisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walionyoosha nywele kwa kemikali zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiotumia kabisa. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine, na nambari zenyewe bado ni ndogo. Lakini mtu anayetia dawa kila wiki sita anaipita mara nne kabla mwaka haujafika mbali. Ninauheshimu uamuzi wa mdogo wangu. Mimi nimechagua kupunguza, na nikiwa na mimba situmii.

Siku ya kutia dawa ikifika, kazi yote ya miezi inaweza kuharibika kwa saa moja, kwa hiyo najiandaa. Matuta nayafumua wiki moja kabla. Siku chache za mwisho siogi kichwa wala sikuni, maana ngozi yenye mikwaruzo inaungua. Saluni namwomba msusi apake mafuta mazito kwenye masikio, panja na kisogo, kisha azifunike nywele za juu zote kwa kondishina nzito au mafuta kuanzia kwenye kiungo, ili dawa isizipate. Anapaka chini tu, kwa mafungu membamba, na nikianza kuhisi moto tunasuuza hapo hapo. Sijali kama zimenyooka robo tatu. Singa iliyobakishwa mkunjo kidogo ina nguvu zaidi, na safari nyingine kiungo chake hakitakuwa kikali. Shampuu ya kuzima dawa nyingi hubadilika rangi ya waridi dawa ikiwa bado ipo. Tunarudia mpaka povu litoke jeupe, kisha tunarudia tena mara moja, na maji ya mwisho nakwenda nayo mwenyewe ndani ya kidumu kutoka nyumbani. Mwanzoni wasusi walinitazama. Sasa wananiuliza kama nimebakisha kidogo.

Baada ya hapo natulia wiki mbili bila kusuka wala kuvuta chochote. Mara ya mwisho msusi aliniuliza kama aniandike tena kabla ya Ramadhani. Nikamwambia aniandike Mfungo Mosi, harusi zikianza.